Mwaka Niliouzima

Alinitambua kwa kicheko. Nilikuwa kwenye foleni ya kupima presha, zahanati moja kule Mbezi Beach, namcheka dada mmoja aliyepanda kwenye mzani na mkoba wake begani halafu anamlalamikia nesi kwamba kilo zimezidi. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Kicheko hicho nakijua. Hicho cha Somoe." Nikageuka. Mama mzima, mnene, miwani ya kamba, gauni la kitenge limemkaa sawasawa, miguu imemvimba kwenye viatu vya kufunga. Nikamtazama weee, jina haliji. Akasema, "Chai yangu iko wapi?" Hapo hapo nikamjua. Aikande. Aikande wangu wa kompyuta, wa Chang'ombe, ambaye sijamtia machoni tangu sote hatujazaa. Tukakumbatiana mpaka nesi akasema presha zetu zitapanda kabla hazijapimwa. Kumbe anakaa Mbweni siku hizi, kwa mwanawe, na mie niko Goba kwa binti yangu, tumekuwa majirani na hatujui. Basi akanishika mkono, akawageukia wale wagonjwa wote kwenye mabenchi, akawaambia, "Jamani mnamuona huyu? Huyu ndiye mwanamke pekee nchi hii aliyewahi kuzima mwaka." Watu wakataka kujua mwaka unazimwaje. Akawasimulia, na anajua kusimulia, kwa mikono na macho, mpaka mzee mmoja akakohoa kwa kucheka. Mie nikacheka kuwashinda wote. Ndivyo nilivyo, mwenzenu nikiona haya nacheka, na kadiri haya inavyozidi ndivyo sauti inavyopanda. Zamu yangu ilipofika, nesi akanifunga ule mpira mkononi, akaangalia, akaangalia tena, akaniuliza nimekula chumvi. Nikamwambia ndio.

Ya baba na mama na ndugu siyaweki hapa, hayo yana siku yake. Nataka niuseme mwaka ule mmoja tu, mwaka wa magodoro. Nilikuwa binti, nimepanga chumba Temeke, shule niliishia darasa la tatu, kusoma nasoma kwa kufuata kidole. Kazi yangu ilikuwa kupika kwenye ghala la magodoro kule Chang'ombe. Sitalitaja jina, maana wenyewe walishafunga na kila mtu kashika njia yake. Ukiingia getini unakutana na harufu ya magodoro mapya, harufu fulani kama ya maziwa yaliyochanganyika na mafuta ya taa, ukikaa nayo mchana kutwa unarudi nayo nyumbani kwenye nywele. Kushoto ghala, kulia ofisi ya meneja, Bwana Kaseko, mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nyuma kabisa, chini ya bati, jiko langu. Na katikati, kwenye korido, chumba cha kompyuta.

Chumba kile jamani kilikuwa peponi. Kina kiyoyozi, kina zulia, na hakuingiwi na viatu. Nyie watoto wa leo mnalala na simu zenu kitandani, hamuwezi kuelewa, lakini siku hizo kompyuta ilikuwa inaogopewa vumbi kama mtoto mchanga anavyoogopewa upepo. Kila anayeingia anaacha viatu mlangoni, na mie nilikuwa nikipita na sinia najua nani yuko ndani kwa kutazama chini tu: hivi vya meneja, vyeusi vinang'aa; hivi vya karani wa ghala, vimelalia kisigino; hivi vidogo vyenye kifungo cha pembeni, vya Aikande. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye chumba. Katoka Machame, kasomea uhasibu, anavaa soksi nyeupe ili miguu isipate baridi ya kile kiyoyozi. Mwanzoni nilimuogopa. Halafu siku moja nikamkuta jikoni kwangu amekaa juu ya ndoo, anatazama sufuria la maharage ya nazi kama mtu aliyefiwa. Akaniambia hana neno na chakula changu, ila leo ana hamu na ndizi za kwao. Nikamwambia anifundishe. Kesho yake nikaenda sokoni Temeke kutafuta ndizi na nyama ya mfupa, akasimama nyuma yangu ananielekeza, punguza chumvi, ponda, ponda tena, na alipoonja akafumba macho. Toka siku hiyo urafiki ukakolea. Mie nampikia mtori, ndizi hizo za kupondwa, yeye ananivua kandambili mlangoni na kuniingiza peponi.

Saa ya chakula, wenzetu wakishaenda kukaa kivulini, alinikalisha kwenye kile kiti cha magurudumu mbele ya kompyuta, akaniambia niandike jina langu. Kutafuta S tu maharage yaliungua. Lakini nilijifunza. Kidogo kidogo nikaweza kuandika majina ya mawakala, nikaweza kutafuta mzigo wa mtu ukatokea kwenye kioo, na nilivyokuwa nafurahi nilifuma kitambaa cha kuifunika ile mashine jioni, cheupe chenye maua ya bluu, kama tunavyofunika redio. Siku moja Bwana Kaseko akatukuta. Nikasimama haraka, sinia likaanguka. Hakukasirika. Akauliza, "Umefika wapi?" Nikamwonyesha. Akatazama, akasema mwaka mpya wa kazi ukianza ataniweka dirishani.

Dirishani maana yake ni hivi. Madereva wa malori na mawakala walikuwa wanapanga mstari kwenye dirisha lenye nondo, ndani anakaa mtu, anatafuta jina lako kwenye mashine, anatoa karatasi, unakwenda nayo ghalani kupakia. Anayekaa pale anavaa vizuri. Hanuki moshi. Watu wanamwamkia kwa adabu, wanambembeleza, sista nakuomba niwahishe. Nililala nakiota kile kiti. Nilinunua blauzi mtumbani, nyeupe, nikaining'iniza chumbani kwangu ukutani niwe naiona nikiamka.

Nikamuuliza Aikande, huo mwaka mpya si mpaka Januari? Akacheka, akasema mwaka wa kampuni una kalenda yake, unakwisha mwisho wa mwezi wa sita, mwezi wa saba unaanza mwingine, na ndani ya kompyuta Julai ndio imekaa juu, Januari iko huko katikati. Karani wa ghala alikuwa anaona maajabu, anasema wasomi wanapindua hata miezi ya Mungu. Mie haikunishangaza hata kidogo. Kwetu Kilwa nani kasema mwaka ni Januari? Bibi yangu alikuwa anahesabu miezi kuanzia Ramadhani inapomalizika, mfungo mosi, mfungo pili, hivyo hivyo. Na siku ya mwaka yenyewe, ile ya wazee wa pwani, inaangukia wakati wa kipupwe, mwezi wa saba huo huo. Nikajiambia, kumbe hawa nao wanayo siku ya mwaka, wamezidiana siku chache tu na sie. Nilifurahi, yaani nilijiona na mie kuna kitu nimekuja nacho.

Wiki za mwisho za mwaka ule ofisi ilibadilika hewa. Ukuta wa jiko langu ulikuwa mbao tu, naye meneja akizungumza ofisini kwake mie nasikia kila kitu huku nakuna nazi. Nikasikia anamwambia Aikande kwamba hii ndiyo mara ya kwanza mwaka unafungwa ndani ya mashine, mwaka uliopita fundi aliyeileta ndiye aliyepanga kila kitu, sasa ni juu yake. Akamwambia, wewe bado uko kwenye majaribio, na mpwa wangu kamaliza chuo Nairobi, mambo haya anayajua, kwa hiyo kama huwezi sema mapema. Aikande akajibu kwa sauti ndogo, "Naweza." Kisha akaja jikoni, akakaa juu ya ndoo yake, akashika kikombe, chai ikawa inamwagikia vidole na yeye hajui. Nikampangusa. Akanitazama, akajilazimisha kutabasamu, akaniuliza, "Eti Somoe, kwenu mnafanyaje mwaka uingie salama?"

Nikamweleza. Kwamba moto wa mwaka wa zamani hauachwi ukavuka kwenye mwaka mpya. Unazimwa wote, nyumba nzima, hata kibatari. Majivu yanazolewa yanapelekwa njia panda, na ukiyamwaga unasema kimoyomoyo yale unayoyaacha. Vizingiti vinaoshwa kwa maji. Halafu ndipo unawashwa moto mpya na kinapikwa chungu cha kwanza. Alinisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Nilipomaliza akavuta pumzi, akasema, "Basi utufanyie na sisi." Akacheka. Na mie nikacheka. Lakini mie nilikuwa nimeshapanga.

Siku yenyewe Aikande hakutoka mle ndani. Chakula nilimpelekea, nikakikuta hakijaguswa. Alasiri akatoka kwenye korido, kichwa kinamuuma, macho mekundu, akaniambia mwaka umefungika. Nikaona kwa macho yangu akirudi ndani, akaizima mashine, akaifunika na kitambaa changu cha maua ya bluu, akalainisha ncha zake kwa kiganja. Akavaa viatu vyake, akaenda zake. Wengine nao wakaondoka. Nikabaki na vyombo, na mlinzi, Mzee Chilumba, mtu wa Masasi, amekaa getini anachonga kipini cha shoka.

Nikaanza kazi. Mkaa nikaumwagia maji ukalia shiii. Majivu nikayazoa kwenye karai nikayapeleka pale malori yanapokata kona kuingia kwetu, nikamwaga, nikasema kimoyomoyo naliacha jiko. Nikarudi nikaosha vizingiti, cha ghala, cha meneja, cha kompyuta, hicho nikakiosha kwa kukifuta na kitambaa kibichi tu, adabu ya zulia. Nikasimama kwenye korido nikatazama juu. Taa inawaka. Nikasema na huu si moto? Friji inaunguruma, nao moto. Meni swichi ilikuwa pale ukutani, mpini mkubwa wa chuma. Nikashika kwa mikono miwili, nikaushusha. Nyumba nzima ikanyamaza. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile, mpaka nikasikia patasi ya Mzee Chilumba nje. Nikavuta pumzi moja ya mwaka mpya, nikaupandisha. Kila kitu kikarudi. Nikawasha mkaa mpya, nikachemsha maziwa mpaka yakafurika, maana kwetu yakifurika ndio heri. Mzee Chilumba akaja mlangoni, akaniuliza, "Binti, unahama au unaolewa?" Nikampa kikombe cha kwanza.

Asubuhi niliingia na blauzi yangu nyeupe.

Malori yalikuwa yameshapanga mstari mpaka barabarani. Mawakala wamekuja kutoka Morogoro, kutoka Kibiti, wanataka mzigo. Nikasikia ile mashine inalia mlio mmoja, kama kifaranga kilichokanyagwa, halafu tena, halafu tena. Viatu mlangoni vikazidi kuongezeka. Nikachungulia. Aikande anaandika tarehe ya siku hiyo, mashine inalia na kuandika kizungu. Meneja anauliza inasemaje. Aikande akajibu bila kugeuka, "Inasema mwaka huu haupo."

Na bila karatasi ya mashine hakuna godoro linalotoka, ndiyo ilikuwa amri ya mwenye kampuni, kwa sababu huko nyuma magodoro yalikuwa yanatoka na kupotelea hewani. Basi kukawa hakuna kinachotoka. Watu wakasubiri, jua likapanda, madereva wakatandika maboksi uani wakalala, wengine wakaanza matusi ya kuzungukazunguka, eti nyie magodoro mnayo mwaka hamna. Mie ndiye niliyekuwa nawalisha. Kila nikirudi na sinia tupu nauliza vipi, naambiwa bado. Mchana Bwana Kaseko akatuita wote kwenye korido. Akauliza, kwa upole kabisa, nani kaigusa mashine jana baada ya kazi. Akauliza tena. Hapo Mzee Chilumba, ambaye hana baya na mtu, akasema mashine hakuona mtu akiigusa, ila binti alishusha meni swichi akaipandisha, alimuona kupitia dirisha.

Macho yote yakanigeukia. Meneja akaniuliza kwa nini. Nikamtazama Aikande. Nilidhani atasema, huyu nilimwambia mimi. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba chake, na soksi zake nyeupe, anatazama soksi. Nikangoja. Nikasema mwenyewe, "Nilikuwa nazima moto wa mwaka wa zamani, bosi." Kwanza hakuna aliyeelewa. Nikajaribu kueleza, njia panda, majivu, maziwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyokuwa nasikia maneno yangu yanavyonuka moshi. Karani wa ghala akaanza, puu, kicheko, wakamfuata wote, mpaka madereva waliokuwa wamechungulia nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Bwana Kaseko peke yake hakucheka. Akasema, "Mwaka wangu umeuzima kama kibatari." Na mie, nitawaambia nini, na mie nikacheka. Ndio siku niliyoanza. Nimesimama na blauzi nyeupe, machozi hapa, nacheka.

Hakunifukuza, mpishi angemtoa wapi. Alisema toka leo chai yangu iishie kizingitini. Fundi akaja kutoka mjini, kijana wa mabegi, akavua viatu, akakaa mle ndani na Aikande mlango umefungwa, na hata supu yangu haijapoa mashine ikaanza kutoa karatasi. Malori yakapakia. Alipokuwa anatoka alinipa pole, akanitazama kama anataka kuongeza neno, Aikande akamuita amsindikize getini. Basi. Mpwa wa meneja hakuja. Aikande akapewa barua yake ya kazi ya kudumu, tukala pilau, niliipika mie. Dirishani akawekwa msichana mwingine.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya hivi nilivyo, kwa ubaya na kwa uzuri. Nilikuwa naiweka chai sakafuni, pale nje ya zulia, nagonga ubao, naondoka. Aikande anatoka na soksi, anainama, anachukua, anasema asante, macho yako ukutani. Mtori hakuuomba tena. Jina langu likawa Bi Mwaka. Dereva akitoka Lindi mara ya kwanza maishani ananiita Bi Mwaka, kasimuliwa njiani. Kuna siku niliota naulizwa na bibi yangu, moto mliuzima, na ndotoni nikamwambia simjui. Niliona haya kwa ajili yake, kwa ajili ya karai lake na njia panda yake, nikaapa sitamwambia mtoto wangu hata mmoja mambo yale, na kweli sikuwaambia. Mvua za masika ziliponyesha nikaacha kazi, nikaweka meza ya wali nje ya karakana za Keko, na huko Mungu akanifungulia, mpaka nikawa napikia sendoff za mabinti wa watu wakubwa, masufuria ya kubebwa na wanaume wawili. Sikulala njaa. Lakini mashine yoyote yenye waya sikugusa tena. Kwangu televisheni wanawasha watoto. Tokeni za umeme anaingiza mjukuu. Umeme ukisumbua nyumba nzima inajua bibi haisogelei ile swichi, wanadhani naogopa kupigwa shoti.

Sasa jioni ile nimetoka zahanati, nimekaa barazani Goba, mjukuu wangu Zuhura yuko na kompyuta yake ya mapajani, kazi yake anafanyia nyumbani, simu sikioni anagombana na mtu wa ofisini kwao. Mie nilikuwa napeta mchele, nikasikia anasema, "Mwaka mpya hautafunguka wenyewe, kaka, lazima mtu aingize kalenda kwanza." Ungo ukanitoka mkononi. Akakata simu, akaniuliza bibi vipi. Nikamuuliza yeye, mwaka gani haufunguki? Akanieleza taratibu, mtoto yule ana subira. Akasema bibi, hizi sistimu za biashara hazitazami jua wala mwezi, zinajua mwaka ulioandikwa tu. Mwaka wa fedha ukikaribia kwisha, mtu anakaa anaandika unaofuata, unaanza lini, una miezi gani, unaishia lini. Asipoandika, siku ya kwanza sistimu inakataa kila tarehe, inakuambia mwaka huo haupo. Nikamuuliza, na mtu akizima umeme? Akasema bibi, kama ilishazimwa hata ukikata nguzo haidhuriki. Nikamsimulia yote. Ndiye mtu wa kwanza kumsimulia kwa mdomo wangu. Alisikiliza, na nilipofika kwenye kicheko cha korido hakucheka. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Bibi, siku hizo Temeke umeme ulikuwa haukatiki?"

Wallahi! Ulikuwa unakatika kila wiki! Ulikuwa unakatika katikati ya kazi, Aikande anapiga kelele, tunakaa uani tunajipepea, ukirudi anaendelea na mwaka wake uko pale pale. Niliyaona kwa macho yangu. Na meneja aliyaona, na karani, na Mzee Chilumba. Hakuna aliyekumbuka, na wao nawasamehe, hayakuwahusu. Lakini mie? Miaka yote hii, na akili zangu hizi za kupanga pilau la watu ukumbi mzima, sikuwahi kukaa chini nikajiuliza swali ambalo mtoto kaliuliza na kompyuta mapajani. Waliniambia umezima mwaka, nikasema ndio, kwa sababu nani atazima mwaka kama si mpishi wa darasa la tatu. Hiyo ndiyo haya ninayoiona sasa, na ni kubwa kuliko ile ya blauzi. Usiku wa kuamkia Jumamosi, siku ambayo Aikande aliniahidi kuja kunisalimia, nilijipangia maneno, makali, nikayarudia kama dua.

Akaja na gari la mwanawe, na mkungu mdogo wa ndizi za kwao. Akavua viatu mlangoni mwenyewe, kwa shida, anajishika ukutani, nikaona miguu ile ile, imezeeka. Nikasema moyoni nitaanza akishakunywa maji. Lakini wajukuu wakaja kumwamkia, shikamoo bibi, marahaba wanangu, na yeye akiona watoto haachi. Akaanza. "Bibi yenu huyu amewasimulia alivyozima mwaka?" Akasimulia, karai, majivu, maziwa, na ile meni swichi akaishusha hewani kwa mikono miwili. Watoto wadogo wakagaagaa. Nikasikia kicheko changu kinataka kuja, nikakirudisha. Zuhura alikuwa amekaa pembeni. Nikamkonyeza anyamaze. Hakunitazama.

"Bibi Aika, samahani," akasema, kwa adabu zote. "Umeme si ulikuwa unakatika sana siku hizo?"

"Mwanangu, kila wiki," Aikande akasema, bado anacheka. Halafu nikaona sentensi yake mwenyewe inamrudia. Kicheko kikapungua, kikapungua, kama taa ya mafuta inavyokwisha utambi. Zuhura akawatoa wadogo zake nje. Tukabaki wawili na feni.

Akazungusha pete kidoleni. Akasema, "Kalenda haikuwa imeandikwa. Sikujua kama inaandikwa. Nilidhani ukifunga mmoja, mwingine unakuja." Akasema fundi ndiye aliyemwonyesha, akamwonea huruma, akaahidi hatasema. "Na nilikuomba mimi, Somoe. Jikoni. Utufanyie na sisi, nilisema. Ningesema siku ile, ningerudi Machame. Nikajiambia nitasema nikishapata barua. Nilipopata barua ikawa kichekesho tayari, kila mtu anacheka, na wewe unacheka." Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa gauni. "Ulikuwa unacheka sana."

Yale maneno yangu makali niliyatafuta sikuyaona. Kumbe na yeye, kila anaposimulia kwa mikono na macho, anaficha haya, kama mie na kicheko changu. Nikataka kumwambia yamepita, lakini hayajapita. Niliona haya mie, niliona haya kwa ajili yake, sikujua macho niyaweke wapi. Nikayaweka ukutani.

Akainuka. Akajivuta na miguu yake ile mpaka jikoni kwangu, nikasikia anafungua makabati ya watu, anapekua, sufuria linalia, maji, kiberiti. Sikwenda kumsaidia. Harufu ya tangawizi ikaja, nyingi kupita kiasi, hajawahi kujua kupika yule. Halafu nikasikia ubao wa mlango unagongwa. Alikuwa amesimama kizingitini, kikombe kwenye sahani, miguu mitupu haijavuka, ananingoja.

Nilimwacha asimame. Kidogo tu, sikatai. Kisha nikamwambia, "Ingia nayo, Aika. Itapoa."